Mama Nimeona wa Idara ya Maji

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili imetuleta tena pamoja. Nina karatasi nne mbele yangu na glasi ya maji pembeni. Kwa kawaida karatasi za kipindi hiki huwa naziandika mara mbili, mara tatu, mpaka maneno yakae sawa. Za leo nimeziandika mara moja tu. Nguvu za kuzipamba sikuwa nazo, na huyu tunayemkumbuka hakuwa mtu wa mapambo.

Tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi idara ya maji miaka ishirini na mitatu. Alifariki Jumamosi ya wiki iliyopita, asubuhi, hospitalini, akiwa na miaka hamsini na minne. Moyo wake ulikuwa umechoka. Ndivyo daktari alivyomwambia binti yake, hakuongeza neno: moyo umechoka. Tumemzika Jumatatu.

Kazini walimwita Mama Nimeona. Jina hilo lilianza kama mzaha wa watu wa stoo. Nitawaambia lilitoka wapi.

Lakini shikeni hili kwanza. Alikuwa afisa uhusiano. Ndiye aliyeandika taarifa za idara kwa umma. Siku moja aliandika taarifa isiyo ya kweli. Siku ya pili yake akatoka kwenda kuifuta mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe. Maisha yake yote baada ya hapo yaliizunguka siku hiyo kama mbuzi anavyozunguka kigingi.

Alilelewa na shangazi yake. Shangazi huyo yupo hai, ana miaka themanini na mmoja, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Nilikaa naye Jumanne kwenye kiti kirefu cha sebuleni. Akaniambia kwamba tangu utotoni mpwa wake ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka maneno ndugu wakigombana.

"Mimi na wifi yangu tulikuwa paka na panya," alisema. "Nikimtuma, mwambie asikanyage kwangu, yeye anafika kule anasema, shangazi anakusalimu, wiki hii ana shughuli nyingi. Wifi naye anamtuma, mwambie na mimi sina haja naye. Anarudi kwangu anasema, wifi anasema usijali, kila mtu ana shughuli zake. Tukapatana. Kumbe tulikuwa tunatukanana mwezi mzima na hatuna habari."

Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Basi kipaji hicho ndicho kilichompa kazi. Tusi likipita mkononi mwake hutoka limekuwa salamu. Idara gani isingemtaka mtu wa namna hiyo?

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, dirisha moja, likitazama matangi. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, feni iliyolia kama inadai haki zake, na faili moja la kijani. Faili hilo ndilo nataka mlikumbuke. Ndani yake kulikuwa na rasimu za akiba. Maana yake ni taarifa zilizoandikwa kabla jambo halijatokea. Bomba limepasuka, kuna rasimu. Umeme umekatika na mitambo imesimama, kuna rasimu. Maji yana rangi, maji yana harufu, gari la idara limegonga mtu, zote zina rasimu zake. Zimeachwa nafasi tu za nukta nukta: tarehe, mtaa, saa ambayo huduma itarejea. Jambo likitokea unajaza nukta, unapiga muhuri, unatuma. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Dereva wa idara, ambaye sasa amestaafu, alinisimulia kwamba siku moja aliingia mle akamtania. Akamuuliza kama kwenye faili lake na yeye ana rasimu. Mwenyewe alilamba kidole, akafunua, akachomoa karatasi na kumsomea: Idara inasikitika kutangaza kifo cha nukta nukta, aliyekuwa dereva.

"Nilicheka sana," alisema dereva. "Halafu wiki nzima sikupita mlango ule."

Si ubaya kujiandaa, wasikilizaji wapendwa. Zimamoto hawaanzi kununua mpira wa maji nyumba ikiwa inawaka. Ubaya uliingia taratibu, kwa mazoea. Katika rasimu ya nne, ile ya maji kuwa na rangi, kulikuwa na sentensi isiyo na nukta hata moja. Ilikuwa imeshakamilika, inangoja tu siku yake. Ilisema: Vipimo vimeonyesha kwamba maji ni salama kwa matumizi yote.

Sasa sikilizeni Jumanne ile. Ni miaka saba imepita.

Wajenzi wa barabara walikuwa wanachimba kwa katapila. Meno ya katapila yakapiga bomba kuu la maji. Pembeni yake, hatua mbili tu, palikuwa na bomba la majitaka, nalo limepasuka siku nyingi na hakuna aliyejua. Mafundi wa idara walifika upesi, wakaziba bomba lao, na kabla ya saa sita maji yakarudi. Yalirudi na rangi ya chai ya mgonjwa. Mitaa mitatu ikaanza kupiga simu.

Afisa uhusiano wetu akafungua faili la kijani. Akatoa rasimu ya nne. Akajaza tarehe, akajaza mitaa mitatu. Kabla ya kupiga muhuri alimpigia mkemia wa maabara, akamuuliza kama amepima. Mkemia akamjibu kwamba ameshachukua sampuli.

Kuchukua sampuli siyo kupima. Yeye alilijua hilo kuliko mimi na wewe. Maji huwekwa kwenye visahani, visahani vinaingia kwenye kabati la joto, vinalala humo mpaka kesho yake, ndipo unajua. Lakini kwa miaka tisa mfululizo kila sampuli iliyochukuliwa ilitoka safi. Miaka tisa. Ikafika mahali kwao kuchukua na kupima vikawa kitu kimoja. Sentensi ile ikapita, visahani vikiwa ndiyo kwanza vimefungiwa mlango wa kabati.

Muhuri ukagonga. Taarifa ikatumwa. Saa sita na nusu ikafika hapa kituoni.

Aliyeisoma ni mimi.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Stashahada yangu ilikuwa bado inanuka wino, na nilijivunia matamshi yangu kuliko kitu chochote duniani. Taarifa ya habari ya saa saba mchana, nikasoma: vipimo vimeonyesha kwamba maji ni salama kwa matumizi yote. Niliisoma vizuri. Nilituliza sauti pale panapotulizwa. Hadi leo sijapata kusoma sentensi kwa ufasaha kama ule, na natamani nisingekuwa nao.

Katika mtaa mmoja kati ya ile mitatu kulikuwa na fundi mwashi. Siku hiyo hakuwa na kibarua, alikuwa nyumbani na watoto wake wawili. Aliiona rangi ya maji, akainjika sufuria kubwa jikoni ayachemshe. Redio yake ilikuwa dirishani. Akasikia sauti yangu. Akazima jiko.

Nitarudi kwa fundi huyo.

Jumatano, saa nne asubuhi, mkemia alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Visahani havitolewi maabara, ni kosa. Yeye alikuwa amekitoa kimoja, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chai iliyojaa mpaka mdomoni. Ndani yake kulikuwa na vidoti vya buluu. Vidoti hivyo ni vijidudu vya kinyesi. Vilikuwa vingi hata akaacha kuvihesabu.

"Cha mtaa gani hicho?" akauliza afisa uhusiano.

"Chagua wewe," akasema mkemia. "Vyote viko hivi."

Wakaenda wote wawili kwa mkurugenzi. Sitaki kumchora mkurugenzi kama shetani, maana hakuwa shetani. Alikuwa mtu mwenye usingizi machoni, ana simu tatu mezani na zote zinalia. Alisema dawa imeshaongezwa kwenye matangi, mabomba yanasafishwa, kufikia kesho jioni maji yatakuwa safi. Alisema wakitangaza leo, watu watakimbilia mtoni, na mto ni mchafu zaidi. Alisema kuna hospitali, kuna shule, hofu nayo inaua. Hoja ya mto ilikuwa na uzito, na mkemia anakiri kwamba ilimyumbisha. Kisha mkurugenzi akasema tufunike kombe mwanaharamu apite. Akaagiza iandikwe taarifa nyingine, fupi, kwamba kuna changamoto ndogo ya kiufundi inayoshughulikiwa.

Changamoto. Jamani, neno hili tumelitwisha mizigo mpaka limeota kibiongo. Njaa ni changamoto, wizi ni changamoto, kinyesi kwenye glasi ya mtoto nacho ni changamoto. Lugha yetu ina maneno ya kila uchafu. Hatukukosa neno siku ile. Tulikosa mtu wa kulisema.

Mkemia anakumbuka swali moja tu ambalo afisa uhusiano aliuliza chumbani mle. Aliuliza: "Na wanaokunywa sasa hivi, bosi, kwa sababu mimi nimewaambia wanywe?"

Akaambiwa asubiri mpaka kesho.

Alirudi ofisini kwake. Hakuandika ile taarifa fupi. Alinyanyua simu, akapiga hapa kituoni, akaomba habari ya jana isahihishwe mara moja.

Na aliyepokea simu ni mimi.

Alisema maji si salama, alikosea, tuwaambie watu wachemshe. Nikamuuliza kama ana barua. Akasema barua hatapata. Nikamwambia utaratibu wetu ni barua yenye muhuri na saini ya mkuu, kwa hiyo aniletee kwanza barua. Nilimwambia kwa adabu, hata "samahani dada" nilisema. Akaniambia: "Jana hukuuliza ni nani aliyeyaona majibu. Leo unauliza muhuri." Akakata.

Muhuri ule wa jana ulikuwa halali kabisa. Niliutazama tena siku ile. Ulikuwa umekaa sawasawa, wala haukupinda.

Idara ilikuwa na gari la matangazo, pikapu kuukuu yenye spika mbili juu, ya kutangazia siku za kukatika maji. Saa tano akamkuta dereva chini, anafuta kioo. Akapanda mbele.

"Dada, safari hii ina kibali?" aliuliza dereva.

"Inacho."

"Cha nani?"

"Changu."

Dereva anasema alimtazama, akaitazama na ngazi ya ghorofani, akawaza watoto wake na kazi yake. Kisha akawasha gari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema miaka yote hiyo dada yule alikuwa anamwandikia maneno ya kutangaza kwenye karatasi, na siku hiyo alikuja mikono mitupu. "Nikajua leo hatutangazi," alisema. "Leo tunaongea."

Wakazunguka mitaa mitatu kwa saa nne. Maneno yalikuwa yale yale, na dereva anayajua kwa moyo hadi leo. Mimi ndiye niliyeandika taarifa ya jana. Niliandika kwamba maji yamepimwa. Yalikuwa bado. Leo yamepimwa na ni machafu, yamechanganyika na majitaka. Msiyanywe. Chemsheni mpaka yatokote, na mtoni msiende. Mwenye swali anipigie mimi. Halafu anataja namba ya simu. Siyo namba ya idara. Namba yake mwenyewe, tarakimu moja moja, mara mbili.

Msidhani alipigiwa makofi. Mama mmoja aliyekuwa anafua alimwambia dereva: "Jana salama, leo sumu. Kesho mje mtuambie ni maziwa." Vijana wakaigiza sauti yake nyuma ya gari. Penye duka la kinyozi, mteja mmoja alitoa kichwa nje, nusu kimenyolewa, nusu bado, akapaza sauti: "Dada, na hiyo ya leo, imepimwa au nayo umeandika tu?"

Gari likasimama. Akashuka, akamsogelea.

"Imepimwa," akamwambia. "Nimeona kwa macho yangu."

Yule mtu akaingia ndani. Dereva anasema alimwona anamnyang'anya kinyozi kikombe cha maji mkononi.

Mtaa wa pili ndiko alikokaa shangazi. "Nilisikia sauti ya mwanangu nikadhani ni redio," alinisimulia. "Kumbe yuko garini, uso umejaa vumbi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeshakunywa, redio ilisema ni salama nikajua hayo ni maneno yako. Akaniambia, najua shangazi, mwaga yaliyobaki. Hakushuka kunisalimia. Mitaa ilikuwa bado."

Shangazi aliugua siku nne, akapona. Watu mia moja na kumi na wawili waliugua. Wawili walifariki. Mmoja alikuwa mzee, mwalimu mstaafu. Mwingine alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, binti wa yule fundi mwashi aliyezima jiko.

Wauguzi wa zahanati waliniambia kwamba baada ya gari lile kupita, wagonjwa wapya walipungua. Ni kweli, lakini simsifu kwa hilo, kwa sababu yeye mwenyewe hakukubali kusifiwa. Mtu akimwambia aliokoa watu, alikuwa akijibu kwamba aliokota baadhi ya alivyoviangusha.

Fundi alimpigia Jumamosi, baada ya mazishi ya mtoto. Binti wa marehemu alikuwepo, akiwa na miaka kumi na mitano, anakunja nguo sebuleni. Anasema mama yake aliwasha spika ya simu. Fundi hakutukana. Aliuliza swali moja.

"Ulipoandika, ulikuwa umeona?"

"Sikuona," akajibu mama yake.

Simu ikakatwa. Mama akabaki ameishika mpaka kioo kikazima.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili, kimya. Jumatatu, saa moja asubuhi kamili, simu ikalia. Alikuwa ni fundi yule yule. Alikuwa na mtoto wa pili, wa kiume, na mtoto alitaka maji. Akauliza: "Umeona?"

Mama akasema bado, ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Fundi akasema basi atachemsha.

Jumanne, kabla ya saa moja, afisa uhusiano alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara. Mkemia akamfungulia kabati. Simu ikalia. Umeona? Akajibu: "Nimeona. Ya jana ni safi. Ya leo bado yamo kabatini." Fundi akasema asante mama.

Wasikilizaji wapendwa, simu hiyo ililia kila siku ya kazi kwa miaka saba. Narudia, miaka saba. Saa moja asubuhi. Swali moja, jibu moja. Wala hawakuwa marafiki. Hawakuulizana habari za nyumbani. Sikukuu hawakupeana heri. Jumapili maabara hufungwa, na fundi alichemsha bila kuuliza.

Kazi yake ya ofisini iliisha mwezi ule ule. Aliitwa kwenye kamati. Makosa yaliyosomwa yalikuwa mawili: kutumia gari la idara bila kibali, na kutoa habari bila mamlaka. Mkemia ameziona karatasi zote za kamati ile. Anasema ile sentensi ya Jumanne haikutajwa popote, maana ilikuwa na muhuri. Wakamhamishia stoo, kwenye mabomba na mita. Stoo iko nyuma, karibu na maabara. Nadhani waliompeleka huko hawakuhesabu hatua za kwenda maabara.

Huko stoo ndiko alikopata jina. Wabeba mabomba walimsikia kila asubuhi anasema kwenye simu, nimeona, nimeona. Wakaanza kumwita Mama Nimeona. Mwanzoni lilikuwa jina la kuchekea. Ukimuuliza kama chai iko tayari, wao humjibia: subiri, bado iko kabatini. Kisha miaka ikapita, wakalizoea, na kicheko kikakauka kikabaki jina.

Maafisa uhusiano wapya walikuja, watatu mmoja baada ya mwingine. Wote walijifunza njia ya kushuka stoo kimyakimya na karatasi mfukoni. Mama, hebu nisomee hii kabla sijaituma. Alikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la mita. Husoma, husimama kwenye sentensi, huuliza nani ameona hili. Wakinyamaza, penseli inapita.

"Alinikatia sentensi yangu nzuri kuliko zote," alinisimulia afisa wa sasa, kijana mwenye tai. "Nilimwambia, mama, hiyo ndiyo inayotuliza watu. Akaniambia, watu watulize kwa kitu ulichokiona, kama hukuona waache wahangaike, wakihangaika watachemsha."

Nyumbani haikuwa rahisi. Binti yake hakunificha. Namba ile ilienea mitaa yote. Mtu bomba lake likikauka, anampigia yeye. Mtu akisikia harufu, anampigia yeye. Wengine walipiga kumtukana tu, kisha wakapata nafuu. Kwenye mahafali ya binti, mama alitoka nje mara tatu na simu sikioni.

"Nilimwambia abadilishe namba," alisema binti. "Nilimwambia, mama, adhabu gani hii isiyo na mwisho, hata mahakama ina tarehe. Akaniuliza, mimi nikibadilisha namba, yule baba atabadilisha nini? Nikamkasirikia siku mbili. Alikuwa amechoka, dada. Alikuwa anavua viatu mlangoni na kukaa hapo hapo chini, anatazama ukuta. Halafu saa moja asubuhi yuko maabara."

Wiki mbili za mwisho alikuwa kitandani hospitalini. Mkemia akawa anampelekea picha za visahani kwa simu. Fundi akapiga kama kawaida. Na yeye, kwa sauti iliyobaki, akamjibu: "Leo sijaona mwenyewe. Nimetumiwa picha, zinaonekana safi." Fundi akasema asante mama, atachemsha. Wiki mbili zile fundi alichemsha kila siku.

Siku ya mazishi nilimwona. Alisimama nyuma ya wote, kofia mkononi, saruji bado kwenye kucha. Zamu yake ilipofika akatia udongo, akaondoka bila kuongea na mtu.

Jumanne nilipokwenda kukaa na familia nilifika mapema mno, viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa ukutani. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Ilipotimia saa moja kamili, ikalia.

Hakuna aliyesogea. Shangazi akageuza uso upande wa sauti. Ikalia tena. Binti akanyanyuka, akaichukua, akawasha spika kama mama yake alivyofanya siku ile.

"Umeona?" ikasema sauti.

Binti akanitazama mimi. Sijui alitaka nimpe nini.

"Sijaona, baba," akasema.

Tulisikia redio kwake, mbali, na mlango ukifungwa. Kisha akasema, samahani sana binti, vidole vimezoea. Binti akamwambia hakuna neno.

"Basi ngoja niinjike sufuria," akasema fundi.

Na tukasikia kibiriti kikiwashwa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti aliyebaki na simu ile, tunakupa pole. Kwa shangazi aliyemzika aliyepaswa kumzika yeye, pole mama. Kwa mkemia, kwa dereva, kwa watu wa stoo, poleni kwa msiba. Na kwa fundi mwashi, ambaye najua redio yake bado iko dirishani, pole. Pole ya leo, na ile ya miaka saba ambayo sikuwahi kukupa. Sauti uliyoisikia ilikuwa yangu.

Ninyi mnaoandika taarifa, mlio na mafaili ya rangi yoyote, kesho asubuhi yafungueni. Tafuteni ile sentensi isiyo na nukta. Nasi tunaozisoma, tujifunze kuuliza lile swali kabla ya kuuliza muhuri.

Niliyowasimulia leo, mengine nimeyaona na mengine nimeambiwa, nami nimewatajia walioniambia. Maji yaliyo kwenye glasi hii mbele yangu sijui yakoje. Sijaona majibu yake. Leo ni Jumapili, maabara imefungwa. Chemsheni.